Picha Zisizo na Majina ni Amana ya Nani?



Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo mtunza kumbukumbu huliandika kwa penseli nyuma ya picha ya zamani anaposhindwa kuitambua: "Hawajulikani." Bwana harusi amevaa kanzu na koti, bibi harusi ameshika maua, watoto wawili wameketi chini mbele yao, na nyuma ya karatasi kuna muhuri wa studio uliofifia. Watu wazima wawili, watoto wawili, na neno moja. Nimewahi kukaa na boksi la picha kama hizo hapa Kampala, na nimetoka na maswali mawili ambayo naona yanatuhusu sisi wanafunzi wa Kiislamu kuliko tunavyodhani. La kwanza: je, tuna wajibu wa kuwatafutia majina watu hawa? La pili: je, tuna haki ya kuzionyesha nyuso zao kabla hatujawajua?

Sizungumzii hukumu ya kupiga picha kwa kamera. Wanazuoni wameijadili kwa zaidi ya miaka 100, na Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala nzima ya kuihalalisha. Picha ninazozisemea zimeshapigwa. Zipo mikononi mwetu, na kilichobaki ni kujua tuzifanyeje.

Tuanze na namna zilivyopotea. Waganda wanaiita picha ekifaananyi, yaani mfano wa mtu. Zamani watu walikwenda studio siku maalumu: siku ya harusi, siku ya Idi, siku mtoto alipomaliza shule. Huko Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza mwaka 1930 na ikapiga picha za vizazi vya watu wa Mji Mkongwe. Hapa Kampala walikuwapo akina Deo Kyakulagira wa Central Art Studio, na Mbarara alikuwapo Musa Katuramu, mwalimu na seremala aliyebeba kamera. Kisha yakaja mambo ya nchi. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke Uganda, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye studio. Ikaja vita ya 1979, kisha vita ya msituni hadi 1986. Mtu anayekimbia na watoto habebi albamu. Nyumba zikabadilisha wenyewe, maboksi yakabaki darini, na miaka mingi baadaye yakauzwa, yakatupwa, au yakafikishwa kwenye hifadhi.

Kazi ya kuyaokoa inaendelea. Tangu 2011 mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa na Andrea Stultiens na Canon Griffin Rumanzi, umekuwa ukikusanya picha za zamani na kuziweka mahali watu wanapoweza kuziona na kusema wanachokijua. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilifanya maonyesho ya picha za serikali za enzi za Idi Amin, zilizotoka katika hazina ya negativu zipatazo 70,000 za shirika la utangazaji. Katika hazina kama ile mkubwa hutajwa. Harusi ya Amin na Sarah Kyolaba ya mwaka 1975 haihitaji maelezo. Lakini mwanamke aliyesimama ukingoni mwa picha akishika sinia, yeye hana mstari.

Hapa naomba tulitazame tena lile neno. Picha ya harusi haikuandikwa majina kwa sababu haikuyahitaji. Ilipigwa kwa ajili ya ukuta wa sebule fulani, na kila aliyeingia sebuleni alijua huyu ni shangazi na yule ni mdogo wake bwana harusi. Nani huandika jina la mama yake nyuma ya picha ya mama yake? Jina linakosekana pale tu picha inapotoka nyumbani kwake na kufika kwa wageni. Kwa hiyo neno "hawajulikani" si kweli. Walijulikana sana, na Mola wao anawajua. Neno la haki ni "hatuwajui". Tofauti inaonekana ndogo, lakini inahamisha upungufu kutoka kwao na kuuweka kwetu, na mwenye upungufu ndiye anayedaiwa.

Je, deni hilo lina msingi katika dini yetu? Naona lipo. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipofariki, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume akaulizia habari zake, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia. Katika mapokezi hayo hajatajwa jina. Mapokezi mengine yanamwita Ummu Mihjan. Mambo mawili yananigusa hapo. Kwanza, Mtume hakukubali kwamba mtu mdogo apotee bila kuulizwa. Pili, mpokezi mwenyewe anasema wazi kwamba hana hakika kama alikuwa mwanamke au kijana wa kiume. Hakuona haya kuiacha shaka yake ndani ya habari, na wanazuoni waliokuja baada yake hawakuifuta.

Baadaye wakaja wanazuoni waliofanya kazi ya kuwatafuta wasiotajwa. Hadithi nyingi husema "mtu mmoja alimwuliza Mtume" au "mwanamke alikuja", basi. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, alitunga kitabu kizima cha kuwatambua watu hao, akilinganisha mapokezi hadi jina litokee. Alipopata alileta na sanadi yake. Huo ndio mfano wetu: jina linatafutwa kwa bidii, linakubaliwa kwa ushahidi, na lisipopatikana halibuniwi.

Nasisitiza hilo la kutobuni, kwa sababu mbele ya picha ya zamani akili hukimbilia kukisia. Unaona kanzu, unaandika "harusi ya Kiislamu". Lakini kanzu, iliyofika Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, ni vazi la heshima la Mganda wa dini yoyote, na katika kwanjula ya Wakristo utaikuta imejaa. Unasoma jina "Musa" au "Yusufu" nyuma ya picha, unamhesabu Mwislamu, na kumbe majina hayo yanabebwa na watu wa dini zote mbili. Qurani imetukataza kufuata tusilolijua, ikatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Anayeandika maelezo ya picha anatoa ushahidi. Ukimpa mtu dini isiyo yake, mume asiye wake au ukoo usio wake, umemzulia nasaba, na yeye hawezi kukujibu. Vivyo hivyo programu za siku hizi zinazolinganisha nyuso: zinaweza kukuambia kwamba sura hizi mbili zinafanana, na kufanana si ushahidi.

Sasa swali la pili, lililo gumu zaidi. Mwenye boksi la picha atasema: njia ya haraka ya kupata majina ni kuzianika zote mtandaoni, mamilioni wazione, mmoja atamtambua bibi yake. Hoja hii ina nguvu. Wazee wanaoweza kuwataja watu wa harusi za miaka ya 1950 wanapungua kila mwezi, na kila tukichelewa kuna jina linazikwa. Lakini bibi harusi yule alipokubali kupigwa picha alikubali kuonekana na nani? Katika baadhi ya harusi zetu hadi leo, upande wa akina mama simu hairuhusiwi kutolewa, na anayepiga picha ni mwanamke mwenzao. Mama aliyefunua nywele zake mbele ya kamera mwaka 1962 alifanya hivyo kwa ajili ya mumewe na dada zake. Huenda yu hai, ana miaka 80 na zaidi, anaswali swala tano kitongojini Kawempe, na hajui kwamba picha yake iko mikononi mwa mgeni.

Watu husema maiti hana siri. Mafundisho yetu hayasemi hivyo. Mtume (s.a.w.) ameufananisha uvunjaji wa mfupa wa maiti na uvunjaji wa mfupa wa aliye hai, na anayeosha maiti anaamrishwa kusitiri alichokiona. Heshima ya mtu haikatiki pumzi inapokatika.

Basi tumekwama kati ya mambo mawili mema, kumtafutia mtu jina na kumsitiri? Nadhani fiqhi imetuachia mlango katika sura ya luqata, yaani kitu kilichookotwa. Mtume alipoulizwa kuhusu kitu cha namna hiyo, alimwagiza aliyeokota akijue chombo chake na kamba iliyokifungia, kisha akitangaze kwa mwaka mmoja. Wanazuoni wakafafanua namna ya kutangaza: kwenye masoko na milangoni mwa misikiti, pale watu wanapokusanyika. Na wakaongeza jambo la hekima: mtangazaji ataje aina ya kitu, asitaje sifa zake zote. Aseme "nimeokota mfuko wa fedha", halafu mwenye mali ndiye aseme rangi ya mfuko na idadi ya dinari. Akipatia, apewe.

Yaani sheria imetenganisha kutangaza na kuanika. Inawezekana kabisa kukipigia mbiu kitu huku ukikificha. Tukiifanyia kazi hiyo kwenye picha, tutajua kwanza chombo chake: muhuri wa studio, namba ya negativu, bahasha, mwandiko wa nyuma, boksi ilimotoka. Kisha tutatangaza: "Zimepatikana picha za harusi kutoka studio fulani ya Kampala, za miaka kadha wa kadha, bibi harusi ana wasimamizi watatu." Anayedhani ni zake aje, aeleze, aonyeshwe. Picha za wanaume sokoni au za mkutano wa hadhara zina hukumu nyepesi zaidi kuliko za wanawake ndani ya nyumba. Wala sitoi fatwa. Najua kiasi hiki kina upungufu, kwa sababu mfuko wa fedha ukishapita muda wake aliyeokota hupata haki ya kuutumia, ilhali uso wa mtu hauwi mali ya aliyeuokota hata ipite miaka 100. Lakini upungufu huo unaongeza tahadhari, haupunguzi.

Kuna atakayesema hiyo ni njia ya polepole, na itaacha wengi bila majina. Ni kweli. Namjibu kwamba jina silo njia pekee ya kumjua mtu. Nilipompelekea jajja yangu picha ya harusi ya kijijini kwao, hakuanza na majina. Alianza na mkeka: ulikuwa wa jirani. Kisha viatu vya bwana harusi, vilivyoazimwa na vilikuwa vinambana. Mwanamke mmoja jina lilimtoka kabisa. Akamtazama kwa muda, akasema, "Huyu, mjukuu wangu, ndiye aliyepika pilau usiku kucha, na asubuhi hakula." Tukamwombea rehema bila jina. Mfagiaji wa msikiti naye, kwa waliomsimulia, alijulikana kwanza kwa fagio lake.

Nalinganisha hilo na picha za Gulu Real Art Studio, ambazo Martina Bacigalupo alizichapisha kitabu mwaka 2013. Wateja walihitaji picha ndogo moja ya kitambulisho. Ikawa rahisi kumpiga mtu picha kubwa akiwa ameketi, kisha kuukata uso wake na kumpa. Kilichobaki studio ni karatasi zenye shimo: gauni la Jumapili, mikono iliyokunjwa, mtoto mapajani. Uso ulikwenda ofisini pamoja na jina. Ofisi ikaujua uso na jina, na haikumjua mtu. Mikono ile iliyobaki inasema mengi kuliko kitambulisho.

Basi tufanye nini sisi, ambao wengi wetu tutarudi nyumbani likizo ijayo? Picha za hifadhini zilianza kuwa ngeni katika nyumba kama zetu. Keti na mzee wako na albamu ya familia. Uliza, sikiliza, andika nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino: nani, wapi, mwaka gani, na nani amesema hivyo. Penye shaka andika "labda". Muulize pia picha ipi asingependa itoke nje ya nyumba, na liandike hilo vilevile, kwa sababu ni wasia. Na anayepata fursa ya kujitolea katika hifadhi yoyote hapa Kampala, aanze kwa kufuta "hawajulikani" na kuandika "hatujawajua bado".

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, tunaowajua na tusiowajua, usitiri aibu zao na zetu, na utujaalie tuwe waaminifu juu ya kilichowekwa mikononi mwetu. Amin. Wallahu a'lam.