Tuliyemtuma Dodoma

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, akishapita Jaribu Mpakani, hakawii kuingia Bungu. Hapa ni mahali pa mikorosho, na pa watu wanaopenda mazungumzo. Katika baraza zetu nimesikia swali moja likirudi kila baada ya uchaguzi: yule tuliyemjua akiwa diwani, akishakuwa mbunge, huwa bado ni wetu?

Kwa muda mrefu nililiona swali hilo kuwa ni la kijicho. Mtu amepanda, wenzake wamebaki; nani asiyejua maneno yatakayofuata? Lakini kadiri umri unavyosogea naona kwamba ndani yake limo jambo la haki. Mtu aliyelelewa na kijiji na kata, akipelekwa mahali pa kutunga sheria, deni lake kwa waliomlea ni lipi hasa?

Nchi yetu iliwahi kuikata njia hiyo kabisa. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa, na wilayani hazikurudi hadi 1984, baada ya sheria iliyotungwa 1982. Katika miaka hiyo aliyetaka kupanda alipandia chamani au serikalini. Na hata kabla ya hapo, Rufiji ya zamani, ambayo Kibiti ilikuwa bado ndani yake, ilikuwa imeonyesha kuwa kujulikana na taifa ni jambo moja na kuchaguliwa na jimbo ni jingine. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake kwa maelfu katika TANU, aligombea Rufiji mwaka 1965, uchaguzi ule wa alama za jembe na nyumba, akaanguka.

Siku hizi wengi hupitia kata. Jerry Silaa ni mfano ulio wazi. Alikuwa diwani, akawa meya wa Ilala mwaka 2010. 2015 akagombea ubunge wa Ukonga akashindwa. 2020 akarudi, akashinda. Mwaka uliofuata, wakati wananchi wakinung'unikia tozo za miamala ya simu, alisema hadharani kuwa malipo ya wabunge hayakatwi kodi yote. Uongozi wa Bunge ukakanusha, kamati ya maadili ikamwita, na Bunge likamsimamisha asihudhurie mikutano miwili. Miaka miwili baadaye alikuwa Waziri wa Ardhi. Simsifu wala simlaumu. Ninachokiona ni kwamba neno lile lilikuwa la aina ambayo diwani huulizwa kila siku sokoni: na nyinyi, mnalipa nini? Katani ni swali la kawaida. Dodoma likawa kosa.

Hapo ndipo ugumu wa deni hili unapoanzia. Mwaka 1774 Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol, kule Uingereza, kwamba mbunge si mtumwa wa kubeba maagizo yao. Anawiwa nao akili yake, nayo aitumie kwa faida ya taifa zima. Miaka sita baadaye, alipoona hawamtaki tena, alijitoa. Bungu ingekuwa Bristol, nadhani asingefika hata miaka sita! Sisi tunataka kisima. Na sheria yenyewe inatusaidia kukosea, maana tangu 2009 upo Mfuko wa Jimbo, ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia. Basi anayetoka udiwani kwenda Bungeni anakuta kazi yake ya zamani inamsubiri kule kule, tena ikiwa na fedha kidogo zaidi. Ni rahisi mno kuendelea kuwa diwani mkubwa.

Juni 2018 ulipitishwa uamuzi kuwa ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Kabla ya hapo asilimia 65 zilikuwa zikirudi kuliendeleza zao lenyewe. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa kwa kura. Kwa mwenye mikorosho, jambo lile lilikuwa zito kuliko visima kumi, kwani salfa ya kupulizia haiji kwa dua. Hapo ndipo aliyewahi kuwa diwani angekuwa na thamani: anajua mfuko wa salfa unavyogombewa, anajua mkulima hukopa kwa nani mvua zikichelewa. Deni lake ni kuyakumbuka hayo sheria inaposomwa kifungu kwa kifungu, si kutuletea mabati.

Lakini nikisema hivyo, nakumbuka mwaka 2017, na sauti yangu inapungua. Mwaka ule, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa na mauaji. Waliotafutwa zaidi walikuwa watu wa ngazi ya chini: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama. Aprili, askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Bodaboda zikakatazwa kutembea kuanzia saa 12 jioni. Cheo cha mwenyekiti wa kitongoji, ambacho hakina mshahara, kikawa cheo cha kufia mlangoni kwako, mkeo akiona. Wako waliohama. Wako waliobaki, wakaendelea kuandika barua za utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Tumezoea kusema fulani ameanzia chini, kana kwamba chini ni mahali pa kuondoka tu. Waliobaki mwaka ule hawakuwa wakisubiri kupanda. Nikiwafikiria hao, naona kwamba mbunge aliyetokea kwao hana haki ya kuihesabu miaka yake ya kata kuwa ni nauli aliyokwisha kulipa. Kuna watu ambao wamo ndani ya kazi ile ile aliyoiacha, na ulinzi wao, posho yao, na uzito wa muhuri wao hutegemea maneno yanayopitishwa na yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Nami siwezi kujitoa. Katika mkutano mmoja wa kampeni nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimekusudia kuuliza habari ya ushuru wa korosho, nimeiandika hata kwenye karatasi. Mbele yangu alisimama mzee akauliza mabati ya madrasa, akaahidiwa, watu wakashangilia. Ilipofika zamu yangu niliikunja ile karatasi, nikauliza darasa la shule yetu litaezekwa lini. Mgombea akasema mwaka ujao. Nikapigiwa makofi, nikakaa chini nimeridhika kabisa.