Mashahidi Wawili wa Wingu Moja

Jioni za kiangazi, nikiwa nimekaa barazani, hutazama yale mawingu membamba ya juu kabisa, meupe kama pamba iliyochambuliwa. Hayo si matone ya maji. Ni chembe za barafu zinazoelea juu mno kuliko kilele cha Kibo. Mjukuu wangu, anayesomea hali ya hewa, ndiye aliyenieleza jinsi wataalamu wanavyozipima pasipo kuzigusa. Maelezo yake yaliniondolea usingizi, na sababu nitaisema.

Vyombo ni viwili. Rada hupeleka mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake. Lida hufanya vivyo hivyo kwa mwanga wa leza. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hata vyombo hivi kila kimoja huvutia kwake. Rada hupenya wingu zito, lakini huwasikia wakubwa: chembe yenye kipenyo mara 2 ya mwenzake hurudisha mwangwi mara 64 hivi, na yenye kipenyo mara 10 hukaribia mara 1,000,000. Chembe moja kubwa yaweza kufunika sauti ya ndogo zisizohesabika. Lida huziona hizo ndogo, hata katika wingu ambalo jicho halilitambui. Ila ikikutana na wingu zito, mwanga wake huzimika kabla ya kutokea upande wa pili.

Ya nini taabu yote hiyo? Wingu jembamba la barafu hupitisha jua, kisha huzuia joto la dunia lisitoroke. Wingu nene hulirudisha jua lilikotoka. Asiyeyapambanua hawezi kukadiria vema joto la dunia watakayoirithi wajukuu zetu.

Basi mwezi Aprili 2006 roketi moja ilirusha setilaiti mbili kutoka California: CloudSat yenye rada na CALIPSO yenye lida. Kwa miaka mingi zilifuatana angani kwa sekunde chache, zikilitazama wingu lile lile. Zote mbili zilimaliza kazi mwaka 2023, na Mei 2024 Ulaya na Japani zikarusha EarthCARE, inayobeba vyombo vyote viwili. Na hapa ndipo penye hekima: ukubwa wa chembe hausemwi na shahidi wa kwanza peke yake, wala wa pili. Hupatikana kwa kupima tofauti ya ushahidi wao.

Mwaka 1988, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nililetewa taarifa ya mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi alikuwa amemwona kipindi kimoja tu. Darasa lilikuwa na kelele, na somo halikufika mwisho. Taarifa ilisema: hafai. Nikatia sahihi, kijana akarudi kwao.

Miezi kadhaa baadaye nilipita katika shule ile. Mwalimu wa darasa akanionyesha madaftari ya watoto. Kila kosa kijana yule alikuwa amelieleza kwa mkono wake, na wasiojua kusoma amewaandikia herufi za kufuatisha, siku baada ya siku. Yalikuwa mambo madogo madogo yasiyo na mwangwi, nayo kelele ya kipindi kimoja iliyafunika yote. Nilimwandikia arudi. Hakujibu.

Msomaji atasema ningemtafuta shahidi wa pili. Naam, ilinipasa. Lakini hata wenye mashahidi wawili hawajatua mzigo. Chembe za barafu zina maumbo mengi: vibapa, nguzo, vishada, nao wataalamu hulazimika kulikisia umbo ndipo wapate uzito. Kwa hiyo kando ya kila takwimu huandika kiasi cha shaka yake. Hawakatai kutoa jibu, maana dunia inalingoja, kama nami nilivyopaswa kutoa matokeo. Ila hawalitoi likiwa uchi kama nilivyolitoa lile neno "hafai".

Siku hizi nikiulizwa habari za mtu, nami huuliza kwanza: ni nani mwingine aliyemwona, na kwa siku ngapi? Kisha nikijibu, hutaja na lile nisilolijua. Kijana yule sasa ni mzee, kama yu hai. Kwake nimechelewa.