Punda Asiyebeba Madumu

Katika Ayubu sura ya 39, Mungu anauliza ni nani aliyempa punda-mwitu uhuru wake. Mimi ni mwinjilisti hapa Kiomboi, na swali hilo limenikaa rohoni. Punda wetu wa Iramba hubeba madumu ya maji na magunia ya alizeti. Tunamthamini kwa mzigo. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipopiga marufuku kuwachinja punda kwa ajili ya ngozi, tulishukuru, ila zaidi kwa sababu ya maji.

Punda-mwitu wa Afrika, aliyezaa ukoo wa punda wetu, amebaki kwenye ukame wa Danakil, huko Eritrea na Ethiopia, miguu ina michirizi kama ya punda milia. Wakubwa wanakadiriwa hawazidi 200. Huwindwa, na hugombea maji na mifugo.

Mzee mmoja wa usharika aliniambia kiumbe asiye na kazi hana utetezi. Nakataa kabisa. Mungu hakumtajia Ayubu faida hata moja ya mnyama yule. Alimsifu kwa kutomtii msimamizi yeyote. Lakini mfugaji wa Danakil naye ana kiu, naye ni wa Mungu. Siwezi kumwambia awanyime mbuzi wake maji. Gharama ya kisima cha pili, cha punda-mwitu, ni yetu sisi tulio mbali, tuliofaidi mgongo wa punda miaka yote hii.