Kodi ya Mkupuo, Kipato cha Kutwa

Ugumu wa kulipa kodi ya nyumba kwa watu wa kipato kidogo huzungumzwa mara nyingi kama suala la kiasi, yaani kwamba vyumba ni ghali mno au ujira ni mdogo mno, na ingawa yote mawili ni kweli, yapo mambo mengine yanayoamua zaidi kama mzazi mwenye mtoto mdogo atabaki na chumba chake au atatolewa. La kwanza ni mwendo wa pesa zenyewe. Katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wapangaji wengi huishi kwa riziki ya kutwa, wakiuza sokoni, wakibeba mizigo, wakifua nguo za watu au wakiendesha boda boda, ilhali kodi hudaiwa kwa mkupuo, maana yake fedha ya mwezi mzima, na kwa mpangaji mgeni aghalabu ya miezi kadhaa, inayotakiwa kabla hata godoro halijaingizwa ndani. La pili ni mtoto, ambaye kila siku yake ya homa huwa siku isiyo na kipato kwa anayemlea.

Mahitaji ya vyumba katika miji hii miwili yamepanda kwa sababu zinazojulikana. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na Koboko, iliyotengwa na Arua kuwa wilaya mwaka 2005, sasa ina manispaa yake, huku barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini ikiwaletea wafanyabiashara wa Ariwara na Kaya kila siku. Baada ya vita kuzuka upya mjini Juba mwezi Julai 2016, maelfu kwa maelfu ya Wasudani Kusini waliingia West Nile, yaani eneo hili la kaskazini-magharibi. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi wilayani Yumbe yalifunguliwa mwezi Agosti mwaka huohuo, yakiongezea makazi ya zamani kama Rhino Camp, huku Lobule wilayani Koboko ikiwahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kwenda watakako nchini, baadhi yao huja mjini kutafuta shule na hospitali, nao hupanga vyumba vilevile wanavyovitafuta wenyeji. Ni haki kukumbuka hapa kwamba baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979 wenyeji wenyewe wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa wingi wakapokewa huko, kwa hiyo kumlaumu mkimbizi kwa kupanda kwa kodi ni kumlaumu mtu kwa hali ambayo wazazi wa mwenye kulaumu waliijua vyema.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwenye kipato kidogo asirudi kijijini, ambako nyumba ya nyasi haina kodi. Jibu liko katika ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile iko chini ya umiliki wa kimila, ambao ni mojawapo ya aina nne za umiliki zinazotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, na ambao huiweka ardhi mikononi mwa ukoo na kuigawa kwa taratibu za ukoo. Miongoni mwa Walugbara na Wakakwa, kama ilivyo kwa jamii nyingi za jirani, mwanamke hulima ardhi kwa kuwa ni mke wa fulani au binti wa fulani. Ndoa ikivunjika, au mume akifa na shemeji wakaligeukia shamba, hurudi kwa kaka zake, ambako huenda akapewa pa kujenga au akaambiwa kwamba watoto wake wana kwao. Kwa mama wa namna hiyo chumba cha mjini ndiyo makao pekee yasiyotegemea radhi ya mwanamume wa ukoo wowote, na hilo laeleza kwa nini atang'ang'ania chumba hata pale hesabu zinapomkataa.

Hesabu zenyewe zastahili kuangaliwa kwa karibu. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mama anayeuza nyanya na dagaa hubakiwa na faida ya shilingi 6,000 kwa siku, na kwamba amepanga chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Akifanya kazi siku 26, atapata shilingi 156,000, na zaidi ya nusu itakwenda kwa mwenye nyumba, nayo itakayosalia ni ya chakula, makaa, maji, sabuni na nguo za mtoto. Akidaiwa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, atahitaji faida ya siku 40 kamili, bila yeye na mwanawe kutia chochote kinywani. Mtoto akipatwa na malaria kwa siku tatu, shilingi 18,000 zimekwenda kabla ya nauli na dawa, kwa sababu ingawa ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, dawa zinapokosekana kituoni mzazi huelekezwa duka la dawa. Mtaji ndio unaoliwa kwanza, na muuzaji asiye na mtaji atakaporudi sokoni atarudi na beseni nusu.

Wengi hujaribu kupunguza mzigo kwa kuhamia chumba cha bei nafuu zaidi, lakini unafuu huo una anayeulipia. Katika mitaa ya zamani ya Arua iliyobanana, kama Pangisha, Tanganyika na Kenya, chumba cha kawaida ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, kitanda upande mmoja na majerikeni upande mwingine, na sigiri, yaani jiko la makaa, hukaa nje karibu na mlango. Mvua ikinyesha sigiri huingizwa ndani na mtoto huvuta moshi uleule unaoivisha maharage. Chumba cha bei ya chini zaidi aghalabu kiko bondeni, penye maji yaliyotuama na mbu wengi, au kiko mbali kiasi kwamba nauli ya boda boda humeza kilichookolewa.

Kuhama huondoa pia kitu kisichoandikwa katika mkataba wowote, nacho ni jirani. Vyumba hivi hutazamana kuzunguka ua mmoja, na mama anayetoka alfajiri humwachia mwanawe bibi wa chumba cha tatu, au mwenzake ambaye zamu yake ya sokoni ni ya jioni, kwa malipo ya kikombe cha sukari au bila malipo yoyote. Malezi hayo ndiyo yanayomwezesha kufanya kazi, na kazi ndiyo inayolipa kodi. Mwenye nyumba anapofunga mlango kwa kufuli kwa sababu ya malimbikizo, yaani kodi iliyopita muda bila kulipwa, huwa amemnyang'anya mpangaji chumba pamoja na mlezi wa mtoto, na hivyo amemfungia njia ya kulilipa lile deni analomdai.

Kufuli hiyo ni kinyume cha sheria. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi, isipokuwa waziri aweke kiwango kingine. Hata hivyo sheria hiyohiyo inalazimisha maandishi kwa mikataba ya pointi 25 za fedha au zaidi, pointi moja ikiwa kipimo cha kisheria cha shilingi 20,000, na hivyo maandishi ni ya lazima kuanzia shilingi 500,000. Chumba cha shilingi 80,000, hata kikilipiwa miezi mitatu, hakifiki hapo. Matokeo yake ni kwamba anayehitaji karatasi kuliko wote ndiye asiyelazimika kupewa, na ugomvi ukifika kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la chini kabisa la serikali za mitaa, huwa neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Wenye nyumba nao wasihukumiwe kwa pamoja. Wapo wajane na walimu wastaafu waliojenga vyumba kimoja kimoja, na kodi ndiyo pensheni yao. Tena si wao waliokiacha kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kibaki shilingi 6,000 kwa mwezi tangu mwaka 1984, wala si wao waliokataa kuutia saini muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ili kuurekebisha utaratibu wa kuweka kima hicho. Lakini mwenye nyumba anayekubali kupokea shilingi 20,000 kila Jumamosi, akiziandika katika daftari lililosainiwa na pande zote mbili, hapotezi chochote, na hupata mpangaji asiyehama usiku.

Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wanawake wa soko wengi ni wanachama wake, vina uwezo wa kufanya zaidi. Kwa kawaida akiba hugawanywa mwisho wa mzunguko, mara nyingi Desemba, wakati kodi ilikuwa ikidaiwa tangu Machi. Lakini pembeni ya akiba kuna mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia kiasi kidogo kwenye kikao ili kusaidia msiba au ugonjwa. Katiba za vikundi hivi huandikwa na wanachama wenyewe, na kifungu kimoja kinachoruhusu mfuko huo kumlipia mama kodi ya wiki mbili mtoto wake anapolazwa, kisha arejeshe bila riba, kinaweza kupitishwa katika kikao cha wiki ijayo.