Kufunga na Kufungwa: Funzo la Shakahola

Aprili 2023, waokoaji walipoingia msitu wa Shakahola katika kaunti ya Kilifi, waliwakuta watu waliokonda mpaka hawawezi kusimama. Wakawapa maji. Baadhi yao waligeuza nyuso na kubana midomo. Hakuna aliyekuwa amewaelekezea bunduki. Waliamini kwamba njaa ndiyo njia ya kumwona Yesu, na kwamba anayewapa maji anawazuia wasifike. Miezi miwili baadaye, manusura 65 walifikishwa mahakamani wakidaiwa kujaribu kujiua, kwa sababu hata walipokwisha kuokolewa walikataa kula.

Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ikiwa ya watoto. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wengine walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeongoza Kanisa la Good News International mjini Malindi, amekana mashtaka, na mahakama ndiyo yenye kauli juu yake. Mimi sikuja kumhukumu. Nataka tuzungumze juu ya wale waliomfuata, kwa maana wanafanana nasi kuliko tunavyopenda kukubali.

Habari zile zilipotoka, wengi wetu tulitikisa vichwa tukasema, "Ujinga huo!" Nami nilisema hivyo. Lakini waliokwenda msituni hawakuwa wajinga. Walikuwamo wenye elimu na ajira nzuri, waliotoka pembe mbalimbali za Kenya. Tukumbuke pia nyakati zenyewe. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Kilifi ikafungwa, watu wasitoke wala wasiingie, na watalii waliokuwa wakiwalisha wengi wa Malindi wakatoweka. Kisha ukaja ukame, mvua zikakosa msimu baada ya msimu. Mtu aliyebanwa na dhiki namna hiyo haulizi hoja nyingi. Anatafuta mkono wa kushika. Akitokea mtu mwenye Biblia mkononi na sauti isiyo na shaka, anaushika mkono huo akidhani ameushika wa Mungu.

Waliambiwa wafunge. Na lugha yetu imeliweka jambo hili wazi kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa neno lilelile tunalolitumia kwa saumu ndilo tunalolitumia kwa mlango. Kabla waumini wale hawajafunga kula, walikuwa wamekwisha kufunga milango mingine, mmoja baada ya mwingine. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yalionekana kwa miaka mingi.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa shule. Tangu mwaka 2017 Mackenzie alikwisha kukamatwa na kushtakiwa juu ya watoto waliozuiwa kusoma, kwa mafundisho kwamba elimu ya darasani si ya Mungu. Wazazi walioona wana wao wakibaki nyumbani walidhani wanawakinga na uovu. Hawakujua kwamba mtoto asiyekwenda shule hana mwalimu wa kuuliza kwa nini amekonda.

Mlango wa pili ulikuwa wa hospitali. Waumini walifundishwa kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa imani. Wa tatu ulikuwa wa serikali. Mwaka 2019, Kenya ilipoanza kusajili watu kwa Huduma Namba, walihubiriwa kwamba hiyo ni alama ya mnyama. Mtu asiye na shule, asiye na daktari na asiyejulikana kwa chifu, nani atamkumbuka siku asipoonekana?

Mlango wa nne ndio uliokuwa mzito kuliko yote: jamaa. Mwaka huohuo wa 2019 kanisa la Malindi lilifungwa, na maisha mapya yakaanzishwa msituni. Vijiji vikapewa majina ya nchi takatifu, kama Galilaya na Bethlehemu. Watu waliuza walichokuwa nacho wakahamia huko, na simu za ndugu zikawa hazipokelewi. Ndugu aliyekuja kuuliza aliitwa adui wa imani. Ulipofungwa mlango huo, hakubaki mtu wa kumwambia muumini, "Ndugu yangu, hapa umepotea."

Tusiwalaumu waumini peke yao. Wapo jamaa waliokwenda polisi wakilia. Machi 2023 mhubiri alikamatwa juu ya vifo vya watoto wawili, kisha akaachiwa kwa dhamana. Mwaka uliofuata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliwalaumu maofisa wa usalama wa Malindi kwa kupewa taarifa wasizifanyie kazi. Na sote, viongozi na raia, tulikuwa na onyo la zamani zaidi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada. Nao walikuwa wameuza mali zao na kuacha jamaa zao, wakiahidiwa kwamba mwisho wa dunia umefika. Tulihuzunika, tukasahau.

Sasa niseme langu, usije ukadhani nahubiri nikiwa mahali pa juu. Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza kazi, na presha niliyokuwa nayo ikazidi. Nilikuwa nameza tembe kila asubuhi. Usiku mmoja, katika mkesha wa maombi, mhubiri mgeni alisema kwamba anayemeza dawa huku akiomba uponyaji anamtukana Mungu. Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Niliporudi nyumbani nilizificha tembe zangu ndani ya soksi, nikaazimia kuamini.

Kila asubuhi mke wangu aliniuliza kama nimemeza dawa. Kila asubuhi nilijibu ndiyo. Nilijiona shujaa wa imani, na sikuona ajabu kwamba ushujaa huo ulihitaji uongo ili usimame. Mficha maradhi, walisema wazee, kilio humfichua. Siku ya tisa nilianguka bafuni. Mke wangu alipokuwa akinikusanyia nguo za kwenda nazo hospitali alizikuta tembe. Hakunifokea. Alikaa kando ya kitanda changu cha wodini akaniuliza, "Kama ni Mungu aliyekuambia, mbona ulinificha mimi?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo, na nadhani halihitaji jibu. Lakini limenipa kipimo. Imani yangu ilipoanza kukimbia macho ya watu wanaonipenda, ilikuwa imekwisha kuhama. Nilikuwa simtumaini Mungu tena. Nilikuwa namtumaini mgeni wa usiku mmoja, asiyejua hata jina langu.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi kwenye sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo yumo melini akipelekwa Roma, mfungwa. Tufani inawapiga siku nyingi, jua halionekani wala nyota, na mabaharia wamekata tamaa. Malaika anamjia Paulo usiku na kumhakikishia kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa, nao walikuwa watu 276. Sasa tazama anachofanya mtu aliyepewa ahadi na Mungu mwenyewe. Mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua, anamwonya akida kwamba bila watu hao hawatapona. Ahadi anayo, lakini bado anataka mabaharia wenye ujuzi wabaki melini. Na kunapokaribia kupambazuka siku ya 14, anawasihi watu waliokaa bila kula wapate chakula, kwa ajili ya kuokoka kwao. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Wengine wanachangamka nao wanakula. Wote wakafika nchi kavu.

Eliya naye alipochoka na maisha, akalala chini ya mti akiomba afe, Mungu hakumkemea wala hakumwambia aongeze saumu. Alimtumia malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Na Yesu alipoambiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu, tena kwa maneno yaliyotolewa katika Zaburi, alikataa. Alijua kwamba kumwamini Baba si kumjaribu.

Ndugu yangu, dada yangu, sisemi tusifunge. Saumu ni njema, na wengi tumeonja baraka zake. Lakini saumu aliyoieleza nabii Isaya katika sura ya 58 inafungua. Inalegeza vifungo, inamgawia mwenye njaa chakula, inamkaribisha nyumbani asiye na makao. Ukiona saumu inakufungia milango badala ya kuifungua, simama uulize. Je, ninaweza kumweleza mama yangu ninachofanya? Je, ninaruhusiwa kumuuliza mchungaji swali bila kuitwa muasi? Je, nikitaka kuondoka kesho, njia ipo? Je, watoto wangu wanakua au wananyauka? Maswali haya hayampunguzii Mungu heshima. Yeye hatishwi na swali la mtoto wake.

Na dhiki itakuja, tusidanganyane. Kazi zitaisha, ugonjwa utabisha hodi, mvua zitakawia tena. Siku hiyo mimi na wewe tutakuwa wepesi wa kuamini sauti yoyote yenye uhakika. Kwa hiyo tujiandae leo, tungali na nguvu. Chagua watu wawili au watatu watakaokuwa na ruhusa ya kukuambia umekosea, mmoja wao awe nje ya kanisa lako. Meza dawa yako huku ukiomba. Mpeleke mtoto shule huku ukimkabidhi kwa Mungu.

Makaburi ya Shakahola hayakuwa ya mwisho. Mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo la Chakama, ulipo pia msitu wa Shakahola. Basi kama unaye jirani aliyeanza kufunga, na sasa siku zinapita mlango wake haufunguki na watoto wake hawaonekani, usimwombee ukiwa kwako tu. Nenda ukabishe hodi, na uende na uji.