Uchafu Hauishi, Unahama

Nilipomaliza chuo nikakosa ajira, nilirudi Same nikachukua bodaboda ya mkataba: shilingi 10,000 kwa siku, na baada ya miezi 18 pikipiki inakuwa yangu. Kwa hiyo niliitunza kama mali yangu.

Shida ni maji. Mvua huishia milimani, sisi wa chini tunabaki na vumbi na bei ya ndoo. Ndiyo maana siku moja, nikitoka kupeleka abiria Vudee, nilisimama kwenye mfereji njiani. Nikaacha injini ipoe, nikaziba mdomo wa eksozi kwa mfuko, nikaondoa tope jekundu. Kisha nikasugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nikasuuza. Maji yakaondoka yakiwa na rangi za upinde wa mvua.

Bibi mmoja akafika upande wa chini na ndoo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Unaipenda pikipiki yako.”

“Sana, bibi.”

“Inaonekana.” Akaweka ndoo chini, akakaa juu ya jiwe. “Acha mafuta yako yapite kwanza, ndipo nichote.”

Hakunifokea. Alisubiri tu, nami nikakosa pa kuweka uso.

Njia nzima nilijitetea. Mafuta yenyewe ni kijiko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mimi nilikaa dakika kumi. Lakini utetezi huo ulijibu swali ambalo bibi hakuuliza. Hakuuliza kama nimevunja sheria. Alinionyesha tu nani analipa gharama ya usafi wangu.

Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba usafi ni tabia njema. Hatukufundishwa kwamba uchafu hauishi, unahama. Kabla ya kujisifu kwamba kitu chako kinang’aa, inabidi uulize uchafu wake umehamia kwa nani.

Wazee wa Upare walilijua hili bila sheria ya Bunge. Walijenga ndiva, mabwawa ya kukusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe mashambani kwa zamu. Zamu ina maana moja: maji yanapita kwako, hayaishii kwako. Aliye juu anakunywa kwanza, na kwa sababu hiyohiyo anadaiwa zaidi.

Siku hizi naifuta pikipiki kwa kitambaa kibichi, na tope gumu nalitoa kwa nusu ndoo ya kununua, mbali na mfereji. Chini ya cheni naweka kidumu kilichokatwa, kinakinga mafuta. Haing’ai kama zamani. Kijiweni abiria wengine huipita na kupanda ya mwenzangu inayometameta, na hesabu ya bosi haipungui kwa sababu ya dhamiri yangu.

Siku hizo huwa naumia. Kisha namkumbuka yule bibi juu ya jiwe, akisubiri maji yasafike, ilhali mwenye haraka nilikuwa mimi.