Lawama ya Daraja Lililozeeka

Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967, likaanguka tarehe 14 Agosti 2018 mvua kubwa ikinyesha. Watu 43 walikufa, barabara kuu ya kuelekea Ufaransa ikakatika, na malori yakafurika katika mitaa ya mji. Je, hiyo ni kadari au ni kosa la binadamu? Nyaya za chuma zilizolibeba zilifunikwa kwa zege ili zisishike kutu; zege hilohilo likaificha kutu machoni pa wakaguzi. Mhandisi wake, Riccardo Morandi, alikwisha kutahadharisha juu ya uchakavu huo mwaka 1979, kwa hiyo hoja ya kadari pekee haitoshi. Ugumu uko kwingine: kuahirisha matengenezo si tendo la siku moja wala la mtu mmoja. Kila mhusika huacha kidogo, na hakuna anayejiona muuaji. Lakini daraja ni amana. Msafiri hulipa ushuru, hana namna ya kulikagua, hupita kwa kuamini tu. Katika Uislamu na Ukristo pia, mwenye kupokea amana huulizwa hata juu ya alichoacha kutenda, na wingi wa waliokosea haumpunguzii yeyote deni lake. Kesi ya makumi ya washtakiwa ilianza Julai 2022, karibu miaka miwili baada ya daraja jipya kufunguliwa.